Mjukuu Wangu Amepelekwa Mwezini Bila Idhini

Kambi ya Makarani,
Shamba la Mkonge, Kilosa.
Jumanne, 9 Machi 1954

Kwa Bwana Mhariri,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, masika yameanza na mkonge unakatwa. Mimi ni karani wa kiwandani, msomaji wako wa miaka sita, na sijapata kukusumbua hata pale ulipochapisha ratiba ya treni ya mwaka uliopita. Leo nakusumbua.

Shauri langu ni ile hadithi yako ya kila wiki, ya Watanganyika watakaohamia mwezini mwaka 2000, inayoandikwa na mtu anayejificha kwa jina la "Jirani wa Mwezi". Hadithi ni tamu, sikatai. Nyapara wetu Beda huwasomea watu wote wa korona, yaani kiwanda chetu, saa ya chakula. Tangu yule mtu wa chuma wa hadithini alipoitwa Beda, kwa kuwa huamka kwa kengele na hasikii la mtu, nyapara anatembea kifua mbele. Lakini majina yale yana siri ndani yake, na siri moja ni yangu.

1. Yumo bwana mmoja mwoga anayeitwa Lupakisyo. Kila Jumanne huvaa vazi lake la mwezini, akaenda hadi mlangoni kwa Sesilia, mpima nyota, ili amwambie neno la moyoni. Akifika anamwuliza kama mvua itanyesha, kisha anarudi kwake. Mwezini, kwa maelezo ya mwandishi mwenyewe, hakuna mvua.

Sasa, Lupakisyo ni jina langu la nyumbani, nimetoka nalo Tukuyu. Hapa wote wananijua kwa jina la ubatizo. Hilo la nyumbani nimemwambia mtu mmoja tu, Mwalimu Gaudiosa wa Zombo, ambaye ni msiri kabisa, kwa hiyo yeye simshuku.

2. Watu wa korona hawakujua kwamba Lupakisyo ni mimi mpaka nilipokasirika. Sasa nikipita wananiuliza kama mwezini kumenyesha. Nakiri kwamba mimi pia hufika kwa Mwalimu Gaudiosa kila Jumanne kwa baiskeli, kuchukua bahasha yake nene ya kaki nimpelekee posta ya Kilosa. Anasema ni karatasi zake tu. Sijapata kusoma anwani, maana nimelelewa vizuri. Nakiri pia kwamba humwuliza habari za mvua. Lakini Zombo, Bwana Mhariri, mvua ipo.

3. Hili ndilo zito. Kwetu mjukuu hurithi jina la babu yake. Mwaka 2000 mimi nitakuwa mzee wa miaka sabini na sita, wala sitapandishwa kwenye chombo chochote. Kwa hiyo huyo Lupakisyo wa mwezini ni mjukuu wangu. Gazeti lako linamchafulia jina mtoto ambaye hata baba yake hajazaliwa.

4. Na huyo baba atazaliwaje? Mke ninayemtaka ni Mwalimu Gaudiosa. Nampenda, nasema wazi kwa sababu wewe uko mbali. Miaka miwili natafuta siku nzuri ya kumtamkia. Naye ni msomaji wako. Akiona kwamba akina Lupakisyo ni waoga hadi mwezini, atanikataa. Akinikataa, mjukuu hatakuwapo, na hadithi yako yote itakuwa ya uongo.

5. Kila mtu mle amepewa jina, hata mpishi wa chombo. Ila bibi yake Lupakisyo, aliyebaki Kilosa akingojea barua, hutajwa kila wiki bila jina. Ni mwanamke gani huyo? Kama mwandishi ameniozesha mtu nisiyemjua, nina haki ya kuambiwa.

Kwa hayo naomba jina la Lupakisyo lifutwe, apewe la mtu wa wilaya nyingine. Ikishindikana, watu wote wa mwezini waitwe kwa namba, kama tulivyo sisi kwenye vipande, yaani kadi zetu za kazi. Nisipojibiwa nitapeleka shauri kwa Bwana Disii, ingawa sina hakika kama mwezi uko katika wilaya yake.

Wasalimie wapanga herufi wote, na anayewachemshia chai. Nyapara Beda naye anakusalimu, yeye hana malalamiko.

Ni mimi, kwa heshima na uchungu,
Kornelio, Karani

Nyongeza: Nimekwisha kuandika anwani yako juu ya bahasha hii, nikailaza kando ya ile ya Mwalimu Gaudiosa ziende posta pamoja. Bwana Mhariri, anwani ni moja. Nimezilinganisha herufi kwa herufi.

Usifute kitu. Shauri nimeliondoa lote. Bahasha yake naituma kama ilivyo, sijaifungua. Ila lile jina la bibi, naomba nafasi yake iachwe wazi wiki moja zaidi. Nikizitia hizi posta nageuza baiskeli kurudi Zombo leo hii, na kwa kuwa mvua inanyesha tayari, sina cha kumwuliza isipokuwa lile neno la moyoni.