Namna Nilizima Kakao ya Papa Kambale

Leo nimejipatisha haya mbele ya avenue yote. Na hapana kusema balinikuta. Ni mimi mwenyewe niliita batu.

Kwa benye habanijue: niko mwalimu, mutoto wa Likasi. Kwetu udongo inatoa shaba, basi. Balinituma kufundisha Beni, nikafika na valise moja na koti nzito (juu balinidanganya ya kama huku ni baridi, baridi iko Butembo). Nikapanga annexe, kanyumba ka kando, kwa Papa Kambale, upande wa Mavivi. Nilikuja kutafuta nyumba, nikapenda binti yake, Katungu. Katungu alishakubali. Papa, yeye, kila nikianza kusema anakata maneno: "Mutu wa mbali, tunamwangalia kwanza." Msimu wa mvua ikaisha, ikarudia, bado ananiangalia.

Donc leo dimanche asubuhi, bote banajitayarisha kwenda misa, Papa akanisimamisha kwenye mulango.

"Mwalimu, leo utatuchungia parcelle, nyumba na uwanja. Na ile kakao nyuma ya jikoni, usifunue majani."

Jamani, moyo ilijaa! Mutu habamwachie parcelle kama habamwamini. Katungu akapita nyuma yake, akaniambia polepole: "Usituharibishie." Niliona ni kama dot, mahari yenyewe, imeshapokelewa.

Sasa, kakao ninaijua. Ninaiona kila siku kando ya barabara, juu ya bâche ya kuanikia, kavu, ya rangi ya matofali. Mambo yenye inapitia mbele ya kufika pale juu ya bâche, sikuwahi kuuliza. Nyuma ya jikoni kulikuwa tu sanduku kubwa ya mbao, imefunikwa majani ya ndizi.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na asubuhi kulibaki kibaridi. Nikakaa kwenye kiti ya Papa (ndiyo, ya Papa mwenyewe, sijui nani alinituma), chai mukononi, ninachunga. Kiisha nikasikia harufu. Kama siki, kama pombe. Nikazunguka nyuma ya jikoni. Majani ya ndizi inatoa moshi! Moshi nyeupe, inapanda bila haraka. Nikapeleka mukono karibu. Joto! Nikasema: Yesu wangu, kwa Papa kunaungua, na muchungaji ni mimi.

Nikachukua bidon ya maji, nikamwaga. Moshi ikazidi. Nikamwaga ingine. Ikazidi tena! (Ilikuwa mvuke. Sasa ninajua. Musinifundishe.) Maji ikaisha. Basi nikakamata sufuria na mwiko, nikapiga na nguvu yangu yote, nikiita: "Bajirani, mukuje!"

Hapa nieleze kidogo. Kwetu Likasi, sufuria ikilia, ni batoto banacheza, ao mama mumoja amefurahi. Beni hapana. Batu ba hapa bameona mambo ya vita, na sufuria ndiyo kengele ya hatari. Mumoja akipiga, jirani anapiga, avenue muzima inapiga, na kila mutu anatoka. Balinieleza siku nilifika. Niliitika sana na kichwa.

Sufuria ingine ikajibu ng'ambo ya barabara. Ingine tena. Firimbi! Batu bakatoka: huyu na panga, yule na godoro kwenye kichwa, mama mumoja nusu ya nywele imesukwa, nusu imesimama. Halafu nikaona batu banatoka upande wa kanisa, mbio. Misa ilikuwa imevunjika. Na mbele yabo, na robe yake ya kuimbia chorale, Papa Kambale.

"Banapitia wapi?" Anahema.

"Banani, Papa?"

"Adui!"

"Hapana adui, Papa. Ni moto."

"Moto iko wapi?"

Nikaonyesha sanduku. Avenue yote ikageuka, ikaangalia sanduku. Inalowana, inatoa mvuke yake.

Papa akasogea. Akainua jani moja. Akachukua mbegu, nyeupe, inateleza, inadondoka maji. Akanusa. Akanigeukia.

"Mwalimu. Kakao tunaifunika ili ipate joto. Ikikosa joto, haiwe kakao."

"Na moshi, Papa?"

"Mutu akiwa na joto asubuhi ya baridi, kinywa chake hakitoe moshi?"

Kiisha ule mama wa nywele nusu akapiga mikono: "Ehee! Ameogesha kakao!"

Weee! Batu benye balikuwa banatetemeka sasa hivi bakacheka mpaka bengine bakakaa chini. Mwenye godoro akaitandika pale pale, akacheka vizuri juu yake. Katungu alijificha uso na kitenge, mabega inaruka. Nilizani analia. Hapana. Alikuwa anacheka kushinda bote. Mimi sikucheka. Sufuria bado mukononi, nilikuwa ninasema ndani ya roho: mwalimu, valise yako iko wapi, Katungu umeshamukosa.

Papa akaambia batu barudie kanisani, padiri hawezi kumaliza misa peke yake. Akatengeneza majani, akajipanguza mikono.

"Hii umeniharibishia. Ba acheteurs, benye kuinunua, batailalamikia. Utaleta mbuzi."

"Ndiyo, Papa. Unisamehe, Papa."

"Mbuzi wa kakao atangulie. Ba mbuzi ba dot batafuata nyuma yake."

Akaenda zake misa. Nilibaki nimesimama pale mpaka Katungu alikuja kuninyanganya sufuria. Tangu nimujue ule muzee, hajawahi kutaja mbuzi mbele yangu. Hata ya kuchoma.

Basi, mwenye ako na mbuzi ya kuuzisha aniandikie. Avenue yote ilishacheka, na ile yote nitalazimika kuialika kwenye harusi. Ninyi, mujizuie kidogo kucheka, viti haitatosha.