Kipigahodi wa Bondeni

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimepata cheo kipya: mwokozi. Bado hawajanitangaza, lakini cheo ninacho.

Mambo yalivyo ni hivi. Bonde letu ni ardhi ya hifadhi, mali ya mji mzima. Mimi ndiye mlinzi wake, mwaka wa tisa huu. Nafyeka njia, nang'oa magugu, napigilia mbao za daraja, ufunguo wa lango nalala nao. Sasa halmashauri inataka nusu ya chini, ile yenye matete, iwe maegesho ya malori. Malori! Nayajua kuliko makarani wote. Nilikuwa utingo miaka kumi na minne, nimevuka mipaka minne, nimelala chini ya injini zaidi kuliko nilivyolala kitandani. Lori halina haya. Likilala mahali usiku mmoja, asubuhi limeacha dimbwi la oili.

Tumaini ni moja tu. Zamani Bonde lilikuwa na ndege adimu tunayemwita kipigahodi. Sauti yake ni ya mgeni mlangoni: ko-ko-ko, halafu mluzi mrefu wa kushuka, fyuuu, kama mtu aliyechoka kungoja afunguliwe. Miaka kumi na mmoja hajasikika. Halmashauri imemleta mtaalamu aje kumsikiliza. Akimsikia, malori hayaingii. Asipomsikia, kwaheri matete.

Mtaalamu ni binti mwembamba mwenye kofia pana na daftari lisiloingia maji. Nimemfuata kutwa nzima nimjue. Husimama mahali dakika kumi, macho chini, anaandika anachosikia. Juu hatazami hata kidogo! Nikajiuliza: ndege asiyetazamwa, manyoya ya nini?

Na mimi kwa mluzi, sijisifu. Mpakani niliwahi kusimamisha malori saba kwa midomo tu.

Jumanne, 5 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kichakani, upande wa huku wa daraja, nimelala kifudifudi. Mtaalamu akaja, akasimama. Nikambishia: ko-ko-ko, fyuuu. Kalamu ikatembea! Nikasema moyoni, kazi imekwisha, nikanywe chai.

Kumbe! Nikajibiwa. Kutoka ng'ambo ya daraja, wazi kabisa: ko-ko-ko, fyuuu.

Nywele zilinisimama, hizo chache. Yupo! Mji mzima unasema ametoweka, kumbe alikuwa anangoja mtu wa kuongea naye. Nikabisha tena, akajibu tena. Mtaalamu anaandika kama karani wa mahakama. Nilitokwa na machozi kidogo. Nitasema ni vumbi.

Nyumbani mke wangu aliuliza nimeangukia wapi, suruali imelowa toka magotini mpaka kiunoni. Nikamwambia ni umande. Akasema umande gani huo wenye matope, na mvua haijanyesha tangu Juni. Mke wangu ana kipaji cha kuuliza maswali madogo siku ya mambo makubwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Sasa namchunguza rasmi huyu ndege. Ninayoyajua mpaka leo:

Hamtangulii mtu kubisha. Hungoja mimi nianze. Ana adabu.

Sauti yake ni nzito, na baada ya fyuuu huongeza mlio mwingine, kho-kho. Hakuna mzee wa mji huu aliyewahi kuutaja huo mlio. Huenda ni kabila jipya la kipigahodi. Huenda litaitwa kwa jina langu.

Hali mtama. Jana nilimwachia juu ya jiwe, karibu na anakojibia, kiganja cha mtama na kipande cha mkate wenye siagi, nimevifunga kitambaani. Leo nimekuta mtama wote upo. Mkate umekwenda. Na kitambaa kimekunjwa mara nne, kikawekewa kijiwe kisipeperuke. Nimekaa pale nusu saa nikikitazama. Maumbile ni makubwa!

Jambo jingine, dogo. Kichaka changu ni kilekile, na kila asubuhi nalowa vilevile. Majani ya juu makavu, ukiyashika yanavunjika. Chini baridi, kama umelalia tumbo la samaki. Maji yanatoka wapi? Nikipata nafasi nitalifikiria. Sasa hivi niko kwenye ndege.

Alasiri mke wangu alinituma kwa kaka yake nimpelekee dawa ya kifua. Shemeji huyo ni mwalimu mstaafu na katibu wa Kamati ya Bonde. Miezi mitatu hatusemezani, tangu aliposimama mkutanoni akasema mbao za daraja nimezipigilia kichwa chini. Ubao una kichwa? Nilimkuta kibarazani anakohoa, sweta limejaa mbegu za nyasi, uso una furaha isiyo na sababu. Asante hakusema. Alisema lango la Bonde jana nililiacha wazi. Nikamwambia uzee huanzia kwenye mavazi. Akaiangalia suruali yangu, akafungua chupa ya dawa. Huyo tumemwacha nyuma.

Jumamosi, 9 Agosti

Ee Mungu.

Nilikata shauri nimwone ndege uso kwa uso. Nikatambaa kuelekea darajani huku nabisha. Naye akawa anakuja! Kila nikibisha, jibu limesogea. Ko-ko-ko huku, ko-ko-ko kule. Nikaingia chini ya daraja, giza kidogo, mchanga mkavu. Kichwa kikagonga kichwa.

"Ni wewe?" akasema shemeji.

"Ni wewe?" nikasema.

Akakohoa. Kho-kho. Nikaelewa yote, hata mkate.

Tukasikia mbao zinalia juu yetu. Binti wa kofia pana ameinama anatuchungulia kati ya mbao.

"Shikamooni, wazee wangu," akasema.

Tukamwitikia marahaba tukiwa tumelala vilevile. Ungefanyaje?

Akatuambia taratibu, kama anayewaambia wagonjwa, kwamba kipigahodi hafungui mdomo kiangazi. Huimba baada ya mvua ya kwanza, si kabla. Amejua tangu Jumanne. Alikuwa anangoja aone tutafika wapi. Akatuonyesha daftari, nimenakili neno kwa neno: "Madume, watu wazima. Idadi: wawili. Wanaitikiana vizuri. Dalili za kuzaliana: hakuna."

Nikamuuliza shemeji, wewe mtu wa vitabu, imekuwaje? Alifuta miwani kwa sweta, ikazidi kuchafuka. Akasema miaka thelathini na mmoja alileta watoto wa darasa la tatu hapa, kila mmoja achague tete lake, alitazame mwaka mzima, aandike. Wengine sasa wana wajukuu, wakimkuta sokoni humuuliza tete lao li hali gani. Akasema hakujua atawajibu nini wakikuta malori.

Nikamtoa mbegu moja ya nyasi kwenye sweta. Naandika hapa kwa sababu haijawahi kutokea.

Nikamwomba binti aandike ndege, hata mmoja, hata mgonjwa. Akasema huandika alichosikia, basi. Akafunga daftari. Nikaona Bonde limekwenda, na ni sisi tuliolizika, wapumbavu wawili.

Hapo ndipo aliponitazama miguuni. "Lakini mzee, hiyo suruali imelowaje? Na wewe mwalimu mbona u mkavu?"

Nikampeleka kichakani pangu. Akavua kofia, akapiga magoti, akafukua kwa vidole majani na tope. Tukasubiri. Yakaja maji. Meupe, baridi, polepole, yanajaa kishimo kama kuna mtu chini anamimina. Tukakaa watatu tunatazama. Shemeji akaingiza kidole, akakitoa, akakiingiza tena. Miaka yake yote ya kufundisha hakujua.

Binti akasema, "Mzee, umelala juu ya chemchemi wiki nzima."

Nikamwambia nilikuwa nailinda.

Jumatano, 13 Agosti

Mkutano. Niandike haraka kabla shemeji hajaandika ya kwake.

Jumatatu mhandisi wa maji alikuja akamimina rangi ya kijani ndani ya chemchemi, ajue maji yanakwenda wapi. Nikauliza kama rangi hutembea gizani, akasema hutembea. Nikasubiri kwa hamu. Jana asubuhi visima vya mtaa wote wa chini vikatoa maji ya kijani. Mtaa wa chini ndiko anakoishi mwenyekiti wa halmashauri, na jana ndiyo siku ya kufua kwake. Leo ameingia mkutanoni na shati lililokuwa jeupe.

Mhandisi hakusema mengi. Alisema ukimwaga zege na oili juu ya chemchemi ile, hilo shati ndio mwanzo tu. Mwenyekiti akajitazama kifuani. Malori yamekataliwa. Mikono yote juu!

Shemeji akahutubia, akazitaja mbao za daraja tena. Mke wangu akasema kila mtu akumbuke ni nani aliyeuliza habari za umande wenye matope. Kweli aliuliza. Lakini tufikirie kisomi: bila mluzi nisingelala, bila kulala nisingelowa. Bonde limeokolewa na mluzi. Wenye akili wataona.

Jumatatu, 25 Agosti

Usiku imenyesha, mvua ya kwanza. Asubuhi Bonde linanuka vizuri.

Shemeji alikuja kibandani kwangu, langoni. Siku hizi huja. Tulikuwa tunakunywa chai, namfundisha kubana midomo. Mara, kutoka matetini: ko-ko-ko, fyuuu.

Nikamtazama shemeji. Mdomo umejaa chai. Akanitazama. Wangu umejaa mkate. Na hakuna kho-kho. Sauti safi mno, ya mtu aliyefanya mazoezi.

Damu ikanipanda. Sisi tumelowa, tumekohoa, tumedhalilika chini ya daraja, halafu anatokea mshindani kutuiga kwenye bonde letu wenyewe! Shemeji akaanza kusema jambo kuhusu mvua. Nikamwambia masomo baadaye, nikatoka na fagio nikipiga kelele kwamba nimemwona, atoke. Kukawa kimya. Kitu kikapapatika, basi.

Nimepakagua mahali penyewe kwa makini. Jamaa ni mwepesi ajabu, hata majani hakuyalaza. Nyayo hana: amezifuta kwa reki ndogo sana ya meno matatu, mikwaruzo imejaa topeni. Mjanja huyo! Lakini amekutana na mtu aliyezunguka dunia.

Nimepigilia kibao katikati ya matete, herufi kubwa, kinamtazama yeye: HAPA PANA WENYEWE.