Sifa za Jirani wa Kushoto

Jumatatu, 6 Oktoba

Habari nzito ofisini. Mkuu wa kitengo ametuita sisi wanafunzi wawili wa mafunzo kwa vitendo, akafunga mlango, akatuambia kwamba idara ya utafiti wa jamii inaweza kubaki na mmoja wetu mpaka mwisho wa mwaka ujao. Mmoja. Atakayefanya vizuri katika huu utafiti wa ujirani ndiye atakayebaki. Mwingine atashikwa mkono na kushukuriwa.

Mwenzangu namwita Rula, kwa sababu hupiga mstari kwa rula hata chini ya jina lake mwenyewe. Aliposikia habari hiyo aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Utulivu wa namna hiyo si wa bure. Nitamchunguza.

Nikikosa nafasi, baba ameshapitisha hukumu: nitakwenda kwa mjomba, muuza magodoro. Mjomba hana gari la kupelekea wateja mizigo. Ana kichwa changu. Nilimbebea likizo iliyopita, na shingo haijasahau.

Lazima nibaki mimi. Nimetembea chumbani tangu chakula cha jioni nikifikiri. Shangazi, ninayeishi kwake, amegonga ukuta mara mbili kuniuliza kama nimeanza kulinda usiku.

Jumanne, 7 Oktoba

Tumegawiwa kaya za kuhoji. Zimechaguliwa na kompyuta kwa bahati nasibu, ili asionewe mtu. Nimeonewa mimi. Kaya ya kwanza kwenye fungu langu ni nyumba ya mama wa saluni, iliyopakana na ya shangazi.

Mtaa mzima humwita Mama Jenereta. Umeme ukikatika, jenereta lake hunguruma chini ya dirisha la shangazi, na moshi huingia moja kwa moja kwenye vitambaa vya wateja. Shangazi ni fundi cherehani. Waligombana mwaka juzi kwa ajili ya gauni la bibi harusi lililonuka petroli, na hawajasalimiana tena. Mimi pia nimepigwa marufuku kusalimia. Kutazama vibaya naruhusiwa.

Mkuu alirudia kanuni zake. Ukikuta mlango umefungwa, rudi siku nyingine. Ukikataliwa, rudi kwa adabu. Usihamie nyumba ya pili hata kama wanakukaribisha chai, maana nyumba iliyochaguliwa haina mbadala. Na ukipangiwa watu mnaofahamiana, sema mapema, ubadilishane na mwenzako.

Tukitoka, Rula akaniuliza kama nina nyumba ya kubadilisha. Akasema kwake si shida. Nikamwambia hapana, asante. Mtego ulio wazi kabisa. Leo nimpe nyumba moja, kesho Mkuu asikie kwamba kazi yangu hufanywa na yeye.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda kwa Mama Jenereta. Shati jeupe, kitambulisho kifuani. Alikuwa mlangoni akimsuka mteja. Nilijitambulisha kwa jina la idara. Akanipandisha na kunishusha, kisha akamwambia mteja wake kwamba hiki ndicho kile kijana cha pale kwa yule, kinachomwaga maji ya kudekia mlangoni kwa watu. Si kweli. Niliyamwaga karibu na mlango.

Mteja akasema vijana wa siku hizi. Nikasema nimetumwa na serikali. Mama Jenereta akasema basi serikali ikarudi na tambara, ifute, halafu tuzungumze.

Alasiri nikarudi. Kofia, koti, na miwani ya shangazi ya kushonea. Nikakaza sauti. Mama Jenereta hata hakuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa akisuka. Akaniuliza shangazi yangu anashonaje leo bila miwani yake.

Ofisini Rula amekabidhi madodoso matatu yaliyojazwa. Kila ukurasa una mstari.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Utafiti unataka nini? Habari za nyumba ile. Ni nani anayezijua habari za nyumba ile? Shangazi. Anajua yule mama anaamka saa ngapi, anapika nini, nani kaja, nani kaondoka kanuna. Miaka miwili hawasemeshani, na hajapitwa na kitu hata kimoja. Basi nyumba haibadiliki. Anabadilika msemaji tu.

Shangazi alikataa. Akaniuliza kama akili zangu zimekwisha ndiyo maana nakuja kuazima zake. Nikamweleza habari ya magodoro. Akaitazama shingo yangu. Akasema shingo hiyo ni ya kaka yake, na ya kaka yake ni ya marehemu baba yao, haifai kuharibiwa na mjomba wa upande wa pili. Akakubali, mradi nisimwinue kwenye cherehani.

Mwanzoni alijibu kwa mkato. Baadaye akanogewa. Akaweka mguu juu ya mguu. Akaanza kusemea puani, kama yule. Akalalamikia bei ya nywele za bandia. Nikaandika mpaka kidole kikaota sugu.

Tukafika kwenye swali la kumweleza jirani wa mkono wa kushoto. Jirani wa kushoto wa Mama Jenereta ni shangazi mwenyewe. Cherehani ikasimama. Akajiweka sawa. Akasema jirani yangu wa kushoto ni mwanamke wa pekee. Mikono yake ni dhahabu. Moyo wake hauna doa. Ananivumilia moshi wangu wala hajawahi kunitamkia neno baya, na kama yupo mtu aliyemkosea mwenzake kati yetu, basi si yeye.

Nikamwambia Mama Jenereta hawezi kusema hivyo. Akaniuliza mhojiwa ni nani hapa, mimi au yeye.

Swali la mwisho: je, kuna kitu unachokikosa katika ujirani wenu? Akakata uzi kwa meno. Kisha akasema, na safari hii alisahau kusemea puani, kwamba zamani walikuwa wakikaa kibarazani jioni wakichambua mboga pamoja, na siku hizi mboga zinachukua muda mrefu sana. Nikaandika, ili kujaza nafasi. Akaniambia niondoe makaratasi yangu, ana kazi za watu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ushindi. Mkuu amesoma dodoso langu akiwa amesimama, halafu akaketi, halafu akaita wenzake wa chumba cha pili awasomee. Katika utafiti mzima watu wamewasema majirani zao tu: muziki, kuku, mitaro, watoto. Huyu wangu ndiye wa kwanza kumsifu jirani yake. Mkuu akaniambia, kijana, hii ni lulu.

Rula akaniuliza nimewezaje kumfanya mtu aongee hivyo. Nikamwambia ni kipaji. Akaliandika hilo kwenye daftari lake.

Kisha balaa. Mkuu anasema mkurugenzi atayatumia maneno haya kwenye hotuba, kwa hiyo Jumatatu asubuhi atakwenda mwenyewe kwa yule mama, amsomee majibu yake, ahakikishe ni yake, na kumwomba ruhusa. Ndiyo kawaida yao: katika kazi ya kila mhoji huchagua kaya moja na kuirudia. Tutakwenda wote watatu, na Rula ajifunze kwangu.

Nimeshindwa kula. Shangazi kasema chakula chake kina nini.

Jumapili, 12 Oktoba

Siku mbili za kuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sasa nimepata. Mama Jenereta asiwepo nyumbani kesho, basi. Mlango ukiwa umefungwa, Mkuu atasema turudi siku nyingine, na siku nyingine ni siku nyingine.

Nimeandika tangazo na kulisukuma chini ya mlango wake: kesho asubuhi maofisa watapita kukagua majenereta, yenye kasoro yatachukuliwa. Nimetumia herufi kubwa. Mtu yeyote mwenye jenereta kama lile atalipakia kwenye mkokoteni alfajiri na kwenda kujificha nalo kwa ndugu zake.

Nimepiga viatu rangi. Moyo umetulia, karibu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni. Kiti kinanishinda.

Mama Jenereta alikuwepo. Shangazi ananiambia sasa, baada ya maji kumwagika, kwamba kila Jumatatu yule mama huenda sokoni kununua vifaa vya saluni na hurudi jioni. Kila Jumatatu isipokuwa ya leo. Leo alibaki kwa sababu ya tangazo.

Tulimkuta mlangoni, kavaa vizuri, uso wa mtu aliyejiandaa kusema uongo. Sebuleni kulikuwa na kitu kikubwa kimefunikwa shuka jeupe, juu yake chombo cha maua ya plastiki. Mkuu akaisifu ile meza. Mama Jenereta akasema ni ya urithi.

Mkuu akashukuru kwa maneno mazuri aliyoyatoa katika mahojiano, akafungua faili, akaanza kusoma. Mikono ya dhahabu. Moyo usio na doa. Mama Jenereta akasikiliza mdomo wazi. Akauliza, nani kasema, mimi? Akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameshika fremu ya mlango, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa nguo, akamwambia Mkuu kwamba duniani kuna mtu mmoja tu anayeweza kumsifu yule wa kushoto namna hiyo, na mtu huyo anaishi kushoto.

Upande wa pili wa ukuta cherehani ikanyamaza.

Mkuu ni mtu wa utaratibu. Hakuelewa, lakini alikuwa hajamaliza ukurasa. Akasoma jibu la mwisho, lile la mboga. Mama Jenereta akaacha kucheka. Akamwomba arudie. Mkuu akarudia.

Yule mama akatoka nje, akasimama chini ya dirisha la shangazi. Fundi, akaita, ati mboga zinachukua muda mrefu? Kisha sauti ya shangazi ikatoka dirishani: wewe zinakuhusu nini, siku hizi si unanunua chakula kilichopikwa tayari. Nani kakwambia? Pipa lako la taka limeniambia. Hebu njoo hapa uyaseme hayo usoni kwangu. Nakuja, unafikiri naogopa? Na shangazi akaja, na pini mdomoni, futi ya kupimia shingoni. Walisimama wakitazamana. Nilidhani watapigana. Mama Jenereta akamtoa zile pini mdomoni moja moja, akamwambia siku moja atakuja kuzimeza, amwambie mara ngapi.

Mkuu alikuwa akinitazama mimi. Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, nilimhoji nani hasa. Nikasema nilimhoji mtu mwenye ufahamu wa kina kuhusu kaya husika. Rula akatazama viatu vyake.

Ningeweza kuponea hapo. Lakini Mama Jenereta akakumbuka, akauliza ukaguzi wa majenereta ni saa ngapi, yeye ana wateja. Mkuu akauliza ukaguzi upi. Akaletewa tangazo. Akalisoma, akaligeuza. Nyuma yake kuna ukurasa wa tatu wa dodoso letu. Karatasi za idara, niliona ni kubana matumizi.

Jumanne, 14 Oktoba

Rula anabaki. Jana mchana uleule alirudi kwa Mama Jenereta akafanya mahojiano yanavyotakiwa. Inasemekana yalichukua muda, kwa kuwa shangazi alikuwepo na alisahihisha kila jibu.

Mkuu hakunifokea. Ningependa angefoka. Alisema hawezi kulitumia hata neno moja, maana hakuna njia ya kumwambia mkurugenzi kwamba zile sifa alijipa msifiwa. Akasema alikuwa ameshaniandikia barua ya kubaki, Ijumaa. Akaniuliza kwa nini sikubadilishana na mwenzangu, ilikuwa neno moja tu. Nikamwambia nilitaka kubeba mzigo wangu mwenyewe. Akasema mizigo itakuja.

Hata hivyo kanifungulia mlango mdogo. Kitengo cha takwimu za wazee kinachukua wanafunzi mwezi wa kwanza. Hatanizuia. Nipeleke tu barua ya mtu wa mtaani, asiye ndugu yangu, atakayeandika kwa mkono wake kwamba mimi ni mwaminifu.

Rula alinisindikiza mpaka getini. Akaniambia ananitakia heri, na kwamba akisikia nafasi atanijulisha. Sijui anapanga nini.

Mjomba kashapigiwa simu. Ameninunulia ngata mpya ya kichwani.

Alhamisi, 16 Oktoba

Magodoro mawili leo, la pili la watu wawili, ghorofani, na mteja akasema rangi siyo. Shingo naisikia mpaka kwenye meno. Nina mpaka mwezi wa kwanza kupata ile barua, la sivyo nitazeeka chini ya sponji.

Nimerudi jioni nikawakuta shangazi na Mama Jenereta kibarazani, sinia la mboga katikati, wakimsema mtu nisiyemfahamu. Jenereta limehamishiwa nyuma ya nyumba. Umeme ulikuwa umekatika, na dirisha la shangazi lilikuwa wazi.

Mama Jenereta akanisogezea kigoda. Akaniambia kaa, mwanangu, pole na mizigo. Akasema jambo langu lilikuwa la kijinga lakini limemrudishia mwenzake, na kama kuna lolote analoweza kunisaidia, kokote, niseme tu, nisiogope mtu. Shangazi akasema sema basi, mbona umeduwaa.

Nikajibu hakuna, mama, asante. Nikaingia ndani.

Nimelifikiria kwa utaratibu. Mama Jenereta ni jirani. Si ndugu. Anafahamika mtaa mzima. Ndiye hasa mtu anayetakiwa na ofisi. Lakini kumwomba barua ni hatari: anaweza kukataa, anaweza kutaja maji ya kudekia. Shangazi yuko salama zaidi. Sasa wanakaa pamoja kila siku, atakuwa ameujua hata mwandiko wake. Kesho asubuhi nitamwomba aandike barua hiyo kwa jina la Mama Jenereta.

Kosa langu la safari iliyopita nimeliona. Lilikuwa ni karatasi. Nimeshanunua safi, nyeupe pande zote mbili.