Ugomvi wa Shahada

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kampuni moja ya maziwa huko Mbarara imeniita kwenye usaili Alhamisi ya wiki ijayo. Wanatafuta mtu wa kuongea na wafugaji wa huku kwetu, kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Sharti: shahada iwe imekamilika. Yangu imebakiza umahiri mmoja.

Chuo changu cha mtandaoni hakina mtihani wala alama, kina umahiri: mambo unayotakiwa kuonyesha kwamba unayaweza. Unatuma kazi, na msahihishaji aliye ng'ambo anaandika Amemudu au Bado. Ukipata Bado unarudia, hata mara mia. Nilipoanza niliona mteremko. Sasa umahiri wa mwisho unanitoa jasho: suluhisha mgogoro wa kweli kati ya watu wawili wa jamii yako, utume video.

Mshindani wangu kwenye usaili huo ni Parfait, wa hapahapa kambini. Amesoma chuo cha kukaa darasani, ana daraja la sekondi apa, yaani la pili la juu, na picha amevaa joho. Picha ameitundika mlangoni, upande wa nje. Mke wangu Pascaline anasema mlango huo haunihusu. Unanihusu sana.

Jumanne, 4 Machi

Nimezunguka mtaa wetu wa Base Camp wote kutafuta mgogoro. Watu wanagombana vizuri tu, lakini kila ugomvi una wenyewe. Wa mpaka wa shamba una mwenyekiti. Wa ndoa una pasta. Wauza mitumba wawili walikuwa wameshikana mashati, nikakimbia na simu, nikakuta wameshapatana na wanakunywa chai. Nikawaomba warudie kidogo. Wamenifukuza wote wawili, kwa ushirikiano mzuri.

Jioni wazo limenijia. Mgogoro si lazima uokotwe. Unaweza kuupanda mwenyewe.

Mama Aurore na Mama Irakiza ni majirani zetu, marafiki tangu Uvira, kule Kongo, na ndio sauti mbili kubwa za kwaya ya kanisa letu. Nimemwambia Mama Aurore, kwa huruma, kwamba Mama Irakiza anaona sauti yake imezeeka. Kisha nimemwambia Mama Irakiza kwamba Mama Aurore anadai yeye anaimba ili wanaume wamwangalie. Kidogo tu. Ugomvi wa kupona upesi.

Alhamisi, 6 Machi

Ugomvi umeota kupita kiasi. Kwaya imegawanyika. Mama Aurore ameondoka na piano ya umeme, Mama Irakiza ameondoka na betri ya kuiwasha. Upande mmoja una piano isiyolia, upande wa pili una betri isiyo na kazi. Na Jumamosi ni Siku ya Wanawake, kwaya inatakiwa kuimba Base Camp mbele ya wageni. Vitenge vimeshashonwa, vya rangi moja.

Pascaline naye ni mwanakwaya. Ameniuliza kama najua chanzo. Nimesema dunia imeharibika.

Jumamosi, 8 Machi

Kwaya haikuimba. Wamekuja na vitenge vilevile, wakakaa pande mbili za hema, pasta akaimba peke yake. Nimemwona Mama Aurore akijifuta macho. Nikajisikia vibaya sana, kweli kabisa. Halafu nikakumbuka usaili, nikajisikia vibaya zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Nimewaita nyumbani baada ya ibada. Viti viwili, simu juu ya ndoo, na hotuba niliyoikariri, yenye sehemu ya kusikiliza, ya huruma na ya makubaliano. Nilifika kwenye neno "amani" tu. Mama Irakiza akanikatisha, akamgeukia mwenzake: "Mie nilisema wapi, fasi gani, kama sauti yako imezeeka? Ile maneno ni nani alikuambia?"

Mama Aurore akajibu: "Ni Papa Munezero."

"Hata mie, ni yeye aliniletea yangu."

Papa Munezero ni mimi. Munezero ni mwanangu. Kisha wakacheka, wakalia, wakakumbatiana, wakainuka pamoja na kunijia. Nilitorokea dirishani. Viatu vilibaki.

Lakini simu ilikuwa bado inarekodi. Video safi kabisa! Mwanzo wamenuniana, mwisho wamekumbatiana. Msahihishaji hajui Kiswahili, kwa hiyo tafsiri ya Kiingereza nimeiandika mimi. Pale Mama Aurore anaponiita nyoka, nimeandika kwamba ananishukuru kwa uvumilivu wangu.

Jumatano, 12 Machi

Amemudu! Shahada imekamilika. Nimemtangazia kila mtu, Parfait akiwemo. Akauliza nimepata daraja gani. Nikamwambia sisi hatuna madaraja, tuna umahiri. Akasema pole.

Alhamisi, 13 Machi

Mbarara. Bwana Kabanda, mkubwa wa kampuni, aliyageuza matokeo yangu mbele na nyuma. Amemudu, Amemudu, Amemudu, ukurasa mzima. Akauliza kwa Kiingereza kama hiyo ni fasti klasi au sekondi apa, maana hajui anipange wapi kati ya wenzangu. Nikaeleza kwamba chuoni kwetu mtu haachiwi mpaka aweze. Akasema kumbe hata aliyerudia mara ishirini anaandikwa vilevile. Nikasema alama ni namba tu, mwajiri wa leo anatazama kazi yenyewe. Hilo alilipenda. Alishawahi kuajiri wenye fasti klasi wanaoogopa ng'ombe. Akaomba aione kazi yangu.

Nikampa video na tafsiri. Watu wengi wa Mbarara hawana habari na Kiswahili, nikatulia. Sikujua kwamba Kabanda ni mwanajeshi mstaafu, na jeshini Uganda Kiswahili ndiyo lugha yao. Hakuigusa tafsiri. Aliangalia mpaka mwisho, akarudisha nyuma, akamwita mlinzi wa getini, mstaafu mwenzake, aje aone. Walipomaliza kupangusa machozi ya kicheko akanigeukia.

"Ssebo, bwana wangu, hawa mama wameelewana bila shida. Sasa wewe hapa ulifanya kazi gani?"

Nikasema niliwezesha.

Jumatatu, 17 Machi

Kazi amepewa Parfait. Kabanda naye amekiandikia chuo, akiwapongeza wale akina mama na kuulizia tafsiri yangu. Chuo kikamtafuta msahihishaji anayejua Kiswahili. Matokeo mapya: Bado. Maelezo yanasema video inaonyesha umahiri wa hali ya juu, ila si wa mwanafunzi.

Nimekaa na simu mkononi mchana kutwa. Nimeumia, siwezi kuficha.

Kwaya imeungana. Piano inasikika mpaka hapa. Wana wimbo mpya kuhusu nyoka wa bustanini, na wakifika penye nyoka wote wanageukia nyumba yetu. Pascaline anaimba sauti ya pili.

Jumatano, 19 Machi

Nimetulia, nimetafakari. Kosa langu nimeliona. Nilichagua marafiki wa zamani, watu wanaosikilizana haraka mno. Safari hii nahitaji watu ambao bado hawajazoeana.

Ruhusa ya kurudia ninayo. Na Parfait anamposa binti wa mzee Semahoro, ng'ombe wa mahari bado hawajafika. Leo nimepita kwa mzee, kumsalimia tu. Nikamwambia mimi si mtu wa maneno, ila kuna jambo nimesikia kuhusu hao ng'ombe. Akanivutia kiti.

Simu nimeipeleka kwenye chaji.