Daktari Nangila Asiruhusiwe Kuwatibu Maadui Wake

Ndugu Mhariri,

Natumaini wewe na wafanyakazi wako hamjambo. Mimi pia sijambo, na hilo ndilo lalamiko langu.

Wasomaji wako wananijua. Ni mimi Edeku, dalali wa ng'ombe wa Mella, niliyeandika karibu barua zote mlizochapisha za kumpinga Daktari Jovia Nangila, yule bingwa wa upasuaji wa ubongo. Zile mlizokataa kuchapisha nilikuwa nimeziandika mimi pia. Leo naandika kwa uchungu mpya, na ili nisichanganye mambo, nayapanga kwa namba.

1. Alikozaliwa. Mtu maarufu anapaswa kutoka mbali. Huyu ametoka Buteba. Mama yake alituuzia mahindi ya kuchemsha pale mpakani Busia, nami nilikuwa nikibishana naye bei. Binti alipokwenda ng'ambo kujifunza kupasua ubongo tulifurahi, maana tulijua hatarudi. Akarudi. Hospitali za mji mkuu zilimtaka, akazikataa, akafungua wodi Tororo. Sasa Wakenya wanavuka mpaka kuleta vichwa vyao. Ng'ombe wangu wakivuka wanadaiwa vibali; vichwa vya Wakenya vinapita tu.

2. Mdomo wake. Wachungaji walimwomba kwa adabu awaachie kwanza wagonjwa wa kifafa ili wawaombee. Akajibu redioni, "Waombeeni, lakini mniletee wakiwa bado wanapumua." Mimi ni mzee wa kanisa. Nilipiga simu hapo hapo nikamwambia kwamba yeye ni fundi wa vichwa tu. Akasema, "Asante, mzee. Kitu kikiharibika, anayetafutwa ni fundi." Watu wa pande zote mbili za mpaka walicheka. Hata mke wangu Akiror alicheka, tena akiwa ananimiminia chai.

3. Kifo cha Oluka. Hapa sitanii. Oluka, mwalimu wa Sikuda, alifia kwenye meza ya upasuaji ya daktari huyu. Madaktari wengine mgonjwa akifa husema ni mapenzi ya Mungu, kisha huenda kula. Huyu alikuja mazishini, akasimama mbele ya jeneza, akasema, "Nilikata mahali ambapo sikupaswa kukata. Kosa ni langu." Wakili wake akamkimbia. Leseni yake ikasimamishwa. Vijana walivunja vioo vya gari lake, na maandamano niliyaongoza mimi. Nilikuwa nimeshinda, Mhariri! Kisha mjane wa Oluka, Abbo, akaenda mwenyewe kuwaomba wakubwa wamrudishie daktari leseni. Nilimuuliza kwa nini ananiaibisha. Akanijibu, "Baba Betty, tangu mume wangu augue, huyo peke yake ndiye hakunidanganya." Nikaondoka bila kubishana, jambo ambalo si kawaida yangu.

4. Mkutano wangu. Daktari aliporudi kazini niliitisha mkutano wa kumfukuza. Katikati ya hotuba nilitaka kusema "daktari," nikajisikia nikisema "sufuria." Nikajirekebisha kwa nguvu: "Sufuria huyu lazima aondoke!" Watu walipiga makofi wakidhani ni fumbo. Kisha nikaanguka. Nilipozinduka nilikuwa katika wodi yake. Nani alinipeleka? Kamati yote niliyoiunda ya kumfukuza. Binti yangu Betty anasema wengine walinibeba huku mabango ya kumpinga daktari yakiwa bado kwapani.

5. Upasuaji. Picha ya kichwa changu ilionyesha uvimbe umekaa jirani kabisa na mahali maneno yanapotengenezwa. Daktari aliniambia wazi kwamba ningeweza kufa, na pia ningeweza kupona nikiwa bubu. Nikamwambia anitafutie mwenzake. Akasema, "Yupo, lakini yuko mbali, na wewe huna wiki." Niliogopa, Mhariri. Nilimshika Akiror mkono nikakataa kumwachia mpaka mlangoni.

Walinitia ganzi ya kichwa tu, mimi mwenyewe wakaniacha macho. Daktari akasema, "Mzee Edeku, naomba uongee bila kukoma. Ukikwama nitajua nimeyakaribia maneno yako, nitasimama. Sema jambo lolote unalolijua vizuri."

Nilichokijua vizuri ni ubaya wake. Nikaanza. Nilimsema kwa Kiswahili, nikamsema kwa Kiteso, nikamsema kwa Kiingereza cha kanisani. Nilipokwama kwenye neno "kiburi," alisimama, akasogea upande mwingine. Nilipolipata, akaendelea. "Vizuri," alikuwa akisema. "Na wachungaji je? Mbona hujawataja?" Muuguzi Patience alilazimika kutoka nje acheke.

Nilipofika kwa Oluka, mimi mwenyewe nikasita. Akasema kwa sauti ya chini, "Endelea, mzee. Hilo ni kweli. Endelea." Nikaendelea huku machozi yakiniingia masikioni, kwa sababu nilikuwa nimelala chali na sikuruhusiwa kujifuta. Hivyo ndivyo alivyotumia matusi yangu, bila ruhusa yangu, kuuokoa ulimi uliokuwa ukimtukana.

6. Hasara niliyopata. Nikipiga simu redioni kumlaani, mtangazaji husema, "Wasikilizaji, hebu sikieni anavyoongea vizuri!" Kila neno baya ninalolisema juu yake limekuwa tangazo lake. Kanisani wananionyesha kwa wageni. Kamati yangu imevunjika. Mwenyekiti msaidizi, Olupot, amempeleka shangazi yake kwa daktari huyo huyo.

Kwa hiyo naomba, kupitia gazeti lako, itungwe sheria ya kumkataza daktari yeyote kumtibu mtu anayemchukia. Adui ana haki ya kufa na msimamo wake. Kila mgonjwa aulizwe mlangoni kama ni rafiki au adui wa daktari, aandikishwe, na maadui warudishwe nyumbani kwa heshima zote. Sheria hii ingekuwapo mapema, leo ningekuwa nimelala kaburini Mella nikiwa na jina safi.

Wasalimie wachapaji wako, mlinzi wa langoni aliyezoea kunifukuza, na wasomaji wote wa pande mbili za mpaka, hata wale wanaompenda.

Mimi niliyeponywa kwa kuonewa,
Edeku wa Mella, Tororo

Nyongeza baada ya sahihi: Picha ya juzi imeonyesha kuna kipande kidogo cha uvimbe kilichobaki. Daktari Nangila amekuja mwenyewe mpaka hapa nyumbani kuniambia. Amekaa jikoni na Akiror, akasema, "Nilikiacha kwa kuogopa kukuharibia maneno. Ukikubali, nitajaribu tena Jumatatu." Nimekubali kabla hajafika kwenye "Jumatatu." Basi sheria ninayoiomba, Mhariri, isianze wiki hii. Na kama lazima ianze kabla ya Jumatatu, pale mlangoni mniandikishe kuwa ni rafiki yake.