Miche Yangu Arobaini na Mmoja

Jumapili, 14 Julai
Mama mkwe Crescencia ametangaza leo mezani, mbele ya maharagwe na pilipili ya kijani. Tarehe 26, Sikukuu ya Mtakatifu Ana, atapanda kilimani kuhesabu miche ya misonobari. Mwenye mingi iliyo hai anakabidhiwa kilima chote! Upande wa kushoto wangu, wa kulia wa mwanyumba Eufemio, aliyeoa dada ya mke wangu.

Misonobari mikubwa iliuawa na wadudu zamani. Hii mipya ina urefu wa kidole. Kokwa zake za kula zitatoka baada ya miaka thelathini, lakini heshima inaanza sasa. Mwenye kilima ndiye atakayeamua nani atandike shuka chini ya mti na kuokota. Nimwombe ruhusa Eufemio? Mtu anayelala na kofia? Afadhali nife.

Nimehesabu. Mimi 41, yeye 38. Kazi imekwisha.

Jumatatu, 15 Julai
Nimegundua siri! Miche yote imejibanza chini ya vichaka vya pakanga. Haioni jua, maskini. Nimeng'oa pakanga zote upande wangu, kisha nikafagia ardhi mpaka ikang'aa, kama tunavyofagia nyua zetu kila asubuhi. Mikono inanuka dawa. Mke wangu Eloisa akauliza kama nimepigana na mganga. Nikamwambia hiyo ni harufu ya akili.

Eufemio hakung'oa hata kijiti. Alikaa chini ya mti wa mtarakwa akibangua kokwa kwa meno na kutema maganda. Akaniuliza kama naandaa uwanja wa dansi. Wivu mtupu.

Jumatano, 17 Julai
Jua kali. Miche imelegea. Sungura nao wameiona, maana haina tena pa kujificha. Nilimfokea mmoja. Akaendelea kutafuna huku akinitazama.

Imebaki kumi na tisa.

Eloisa anasema mama yake amesema miaka yote kwamba pakanga ndiyo mlezi wa msonobari: huukinga na jua, huutunzia unyevu, huuficha. Nikamjibu kwamba msonobari wa kiume hauhitaji mlezi.

Ijumaa, 19 Julai
Imebaki miwili. Nimepanda kokwa mia moja mpya. Kundi la ndege wa buluu lilikaa juu ya mtarakwa likinitazama, kimya, kama wazee waliokuja kuleta posa. Niligeuka kidogo tu kunywa maji. Wamekula zote! Mmoja alirudi kuangalia kama kuna nyongeza.

Jumapili, 21 Julai
Kijiji kizima kimekwenda misani. Mimi nilisema tumbo linauma. Nikavuka bonde, nikakata ncha hamsini za matawi ya misonobari ya jirani, nikazichomeka ardhini kwa mistari. Kilima kimependeza ajabu!

Padri amenitumia maji ya baraka kwa ajili ya tumbo. Nimekunywa, kwa adabu.

Ijumaa, 26 Julai
Siku mbaya. Kulipokucha miche yangu ilikuwa ya kahawia. Nikaipaka rangi ya kijani, ile iliyobaki tulipopaka lango.

Mama mkwe akapanda na fimbo yake, akihema. Akagusa mche mmoja. Kidole kikawa kijani. Akauvuta. Ukatoka bila mzizi, umechongeka nchani. Akauliza, "Mkwe wangu, huu ni mche au penseli?"

Eufemio alicheka mpaka akakaa chini. Ana 38, haukufa hata mmoja. Mimi sifuri, hata ile miwili ilikauka. Kilima ni chake.

Nililia. Naandika ukweli, nililia mbele ya watu wote. Eufemio akaacha kucheka. Akasema, "Mwanyumba, acha basi. Tutaokota wote." Mama mkwe akanipeleka upande wa Eufemio, akanipa mche mmoja uwe wangu, mkubwa kuliko yote, chini ya pakanga nene. Akanishika sikio: "Usiufanye kitu. Umesikia? Uuache tu." Nikambusu mkono.

Jumamosi, 27 Julai
Nimeamka na moyo mweupe. Sina kinyongo na mtu. Nimekwenda kuutazama mche wangu. Umefunikwa kabisa, maskini! Mama mkwe alisema nisiuguse mche, na sikuugusa. Kuhusu kichaka hakusema neno.

Nimekikata. Nimefagia pia. Na kwa kuwa Eufemio amenitendea wema, nimemkatia na vyake vyote.