Malalamiko Dhidi ya Kasuku wa Paani

Kwa Bwana Warwick Dalziel,
Mkuu wa Maabara, Wollongong.

Ndugu Mkuu,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima, kwa sababu Ijumaa unakusudia kuutupa mchanganyiko wangu wa mpira wa kuziba maungio ya kuta, kazi ya miaka miwili, eti kwa kuwa kasuku weupe waliutafuna ulipoanikwa paani kwa majaribio. Nalalamika kama ifuatavyo.

1. Kilainishi nilichotia ni cha lazima. Ukuta hutanuka kwa jua la Januari na kunywea usiku. Mpira usiovutika huachana na zege. Kwamba ulaini huo unapendeza pia mdomoni si kosa la kikemia.

2. Katika mchanganyiko wako mwenyewe, ulioanikwa kando ya wangu, umejaza chokaa ya unga mpaka mpira wako umekuwa mgumu kama biskuti ya mwaka juzi. Kasuku walipoukataa, ukauita ushindi. Kwa kipimo hicho hata tofali lingeshinda.

3. Sina amani tena katika chumba cha chai. Juzi Darcy wa vipimo alinipokea hivi: "Dada Tamsin, leo umepika nini? Wateja wako paani wanaulizia mchuzi." Naye Glenys wa mapokezi akamjibu, "Mwache mwenzio, chake angalau kinaliwa. Wewe hata mbwa wako anakula kwa jirani." Nilicheka, na hilo lilinikera zaidi.

4. Niliongeza pilipili. Ndege hawasikii ukali wa pilipili, jambo ambalo msomi kama mimi nilipaswa kulijua. Walirudi na jamaa zao.

5. Kwa hiyo naomba kasuku hawa ama waajiriwe rasmi, wafundishwe kemia na kutia sahihi ripoti zao, ama wanyimwe haki ya kutoa maoni. Haiwezekani kazi ya mtu ihukumiwe na mhakiki ambaye wiki iliyopita alikula antena.

Wasalimie wote nyumbani, na mama mkwe wako, ambaye keki yake ilifika salama.

Wako mtiifu, walau hadi Ijumaa,

Tamsin Kiernan

Tanbihi: Nimeshuka kutoka paani sasa hivi. Joto la jana limeupasua mpira wako, kingo zimeinuka, na kasuku wote wamehamia huko, wanaubandua kwa raha zao. Mpira wangu hawautazami hata kidogo. Tafadhali futa namba 5. Hawa ni wataalamu huru, na uamuzi wao usikatiwe rufaa. Karanga nilizowapelekea ni za shukrani tu.